Eti Mbwa Naye Ana Daktari!

Mtaani kwetu, ukimpeleka mbwa kuchanjwa utachekwa. "Eti mbwa naye ana daktari!" Haya, ndugu msomaji, kaa nikupe kisa.

Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipewa idhini ya kufungua chuo cha madaktari wa mifugo mjini Lyon, Ufaransa, cha kwanza duniani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye alifundisha hapo Pierre-Victor Galtier, mtu aliyehangaika na kichaa cha mbwa. Kumchunguza mbwa mwenye kichaa si mchezo: akikung'ata, umekwisha. Galtier akageukia sungura. Mwaka 1879 alionyesha kuwa sungura huambukizwa, na ni rahisi kuwachunguza. Mwaka 1881 akatangaza kuwa kondoo aliowadunga mshipani mate yenye ugonjwa walipata kinga.

Louis Pasteur naye akatumia sungura, na Julai 1885 akamchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Mtoto hakuugua. Sifa zikaenda kwa Pasteur. Galtier nani anamjua?

Hata leo ugonjwa huu unaua maelfu kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Dalili zikishatokea, tiba hakuna. Lakini wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia.

Kwa hiyo mimi na Simba wangu tunapanga foleni. Wacheke tu. Sindano anadungwa mbwa, anayepona ni mtoto wa huyo huyo anayecheka.