Difu: Istilahi ya Gereji na ya Kigari cha Redio

Mtu aanzaye kuendesha kigari cha mbio kiongozwacho kwa redio, cha namna ile iitwayo bagi, ambayo imeundwa kwa ajili ya ardhi isiyotengenezwa, aghalabu huuliza kwanza habari za mota na betri, kwa kuwa hizo ndizo zinazokipa kasi iwezayo kupita kilomita 60 kwa saa; ilhali chombo kitakachoamua iwapo kasi hiyo itakivusha kona au itakipindua kimesitirika katika kijisanduku kilicho baina ya magurudumu, nacho ni difu.

Huku kwetu West Nile, nchini Uganda, hakuna haja ya kwenda mbali kulitafuta neno hili. Malori yatokayo Arua, yakapita Koboko na kushika njia ya Oraba kuelekea Sudani Kusini, yanayo difu katika ekseli zao za nyuma, na fundi aliyewahi kulala chali chini ya mojawapo, akaifungua krauni na pinioni yake, anaijua kazi ya chombo hiki kuliko mwenye kusoma habari zake tu. Difu ya bagi ni ileile, ila yaenea kiganjani.

Gari likatapo kona, gurudumu la nje hwenda masafa marefu kuliko la ndani. Na likizunguka duara kamili, liwe kubwa au dogo, ziada hiyo haibadiliki, kwani ni upana ulio baina ya magurudumu mawili ukizidishwa kwa 6.28. Kwa bagi ambayo magurudumu yake yameachana sentimita 25, ziada ni sentimita 157. Kwa lori la mita 2, ni zaidi ya mita 12 na nusu. Lau magurudumu yangekazwa katika ekseli moja isiyo na difu, mojawapo lingelazimika kuburura ardhini, mpira ukalika na gari likakataa kupinda. Mtengeneza saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alilitatua jambo hili mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, kwa kuweka gia ndogo ambazo hupeleka nguvu pande zote mbili na kuliachia kila gurudumu mwendo wake.

Ama kuhusu tafsiri ya differential, neno la Kiingereza lililotupa difu, mwenye kupenda usanifu angeweza kusema gia ya tofauti, lakini msikilizaji angefahamu kwamba anaambiwa gia nyingine. Waarabu, ambao kwao tulilipata neno tofauti, hawakulitumia hapa: wao husema tafadhuli, yaani kuzidiana, kutoka katika shina lilelile lililotupa fadhila na tafadhali, na kwa kweli ibara hiyo ni karibu zaidi na maana. Hata hivyo mimi naona difu ibaki, iandikwe katika kamusi bila ya haya, na maelezo yake yawe haya: gia igawayo nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili huku ikiyaruhusu yazidiane kwa mwendo. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ndiyo isahauliwayo, nayo ndiyo asili ya taabu yote. Gurudumu moja likinyanyuka hewani halihitaji nguvu ila kidogo mno, na mwenziwe lililo ardhini hupewa kidogo hichohicho, hata gari lisimame ilhali gurudumu moja linazunguka bure. Dereva wa lori lililonasa topeni hufunga difu loki. Bagi haina loki, bali hutiwa mafuta ya silikoni katika difu, mazito mithili ya asali, yapate kuzuia gurudumu moja lisikimbie mno.

Mwanafunzi na afanye jaribio hili kabla ya kununua chochote kingine: anyanyue bagi, azuie mota isizunguke, kisha alizungushe gurudumu moja la nyuma kwenda mbele, la pili litarudi nyuma, na uzito atakaousikia mkononi ndio uzito wa mafuta. Uzito huo hupimwa kwa sentistoki, ambapo maji ni 1 hivi, na mafuta ya difu za bagi kubwa aghalabu huwa baina ya 2,000 na 10,000. Bagi kubwa yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne ina difu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na ya nyuma kwa kawaida hutiwa mafuta mepesi kuliko ya mbele.

Kwenye changarawe nyekundu ya huku, ambayo wakati wa kiangazi huwa vumbi laini lipenyalo kila mwanya na wakati wa mvua huteleza, ningemshauri aachie mafuta ya kiwandani kwanza, aizoee kona, kisha abadilishe difu moja tu kwa wakati mmoja. Bagi ikikataa kupinda anapokanyaga moto, atie mazito mbele. Ikizungusha mkia, atie mepesi nyuma. Na kila afunguapo kijisanduku, atazame mipira izuiayo mafuta kuvuja, kwani vumbi likiingia humo gia husagika upesi.