Kanda za Nashville: Hakimiliki na kumbukumbu ya habari za televisheni

Mwezi Desemba mwaka 1973, shirika la utangazaji la CBS la Marekani lilikifikisha mahakamani Chuo Kikuu cha Vanderbilt kwa kosa la kunakili taarifa zake za habari za jioni. Kesi hiyo haikufikia hukumu. Hata hivyo, ilichangia kuibadili sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, na swali iliyoliibua lingalipo hadi leo: habari ikishasomwa hewani, ni mali ya nani, na ni nani mwenye wajibu wa kuitunza?

Chanzo cha mgogoro huo ni safari ya mtu mmoja. Mwezi Machi mwaka 1968, Paul Simpson, mtu wa shughuli za bima katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, alifika New York na kuyatembelea mashirika matatu makubwa ya televisheni ya wakati ule: ABC, CBS na NBC. Alitaka kujua angewezaje kuziona tena taarifa za habari zilizokwisha kutangazwa. Jibu alilolipata lilimshangaza. Kanda za taarifa hizo zilihifadhiwa kwa muda mfupi tu, wiki kama mbili hivi, kisha zikafutwa ili zitumike tena.

Sababu ilikuwa ni gharama. Kanda za video za enzi hizo zilikuwa pana, nzito na za bei ghali, na kuzihifadhi kulihitaji nafasi kubwa. Kwa mashirika hayo, taarifa ya jana ilikuwa imekwisha kazi yake.

Lakini mwaka 1968 haukuwa mwaka wa kawaida. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto na picha zake ziliingia kila jioni katika sebule za Wamarekani. Mwezi Aprili Martin Luther King aliuawa, na mwezi Juni akauawa Robert Kennedy. Gazeti la siku zile lingeweza kusomwa maktabani hata baada ya miaka 50. Taarifa ya televisheni, ambayo mamilioni ya watu waliitegemea, ilikuwa ikitoweka kabla ya mwezi kwisha.

Simpson alikishawishi chuo cha Vanderbilt, alikowahi kusoma, kiifanye kazi ambayo mashirika hayakuifanya. Tarehe 5 Agosti mwaka 1968, siku ulipofunguliwa mkutano mkuu wa chama cha Republican huko Miami Beach, mitambo ya chuo hicho ilianza kunasa matangazo kutoka hewani. Tangu hapo taarifa za jioni za mashirika yote matatu zilirekodiwa, zikaandikiwa muhtasari, na watafiti wakaruhusiwa kuziazima kwa malipo. Aliyetaka kuona jinsi jambo fulani lilivyoripotiwa aliweza pia kuomba sehemu zilizohusu jambo hilo peke yake, zikakusanywa katika kanda moja.

Ni huduma hiyo ya mwisho iliyoikera zaidi CBS.

Usajili bila hifadhi

Sheria iliyotumika wakati huo ilikuwa ya mwaka 1909, ilipotungwa kabla ya kuwapo kituo chochote cha redio kinachowatangazia wananchi. Filamu ziliongezwa katika sheria hiyo mwaka 1912. Televisheni haikutajwa kabisa, na kwa hiyo kipindi chake kilichorekodiwa kikahesabiwa kuwa aina ya filamu. Aidha, kurusha kipindi hewani hakukuhesabiwa kuwa ni kukichapisha, hata kama kilitazamwa na nchi nzima.

Jambo hilo lilikuwa na matokeo ya ajabu. Kwa filamu isiyochapishwa na isiyo mchezo wa kuigiza, sheria haikudai nakala kamili. Mwombaji aliweza kuwasilisha jina la kazi, maelezo yake na angalau picha mbili kutoka sehemu tofauti za filamu. Kwa maneno mengine, sheria ilitoa njia ya kuthibitisha kwamba kazi fulani ina mwenyewe, bila kuhakikisha kwamba kazi yenyewe itakuwapo kesho. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa katika hali ngumu zaidi, kwani kama hayakurekodiwa, hapakuwa na kitu cha kusajili.

Mwaka 1973 CBS ilikuwa imeanza kuisajili taarifa yake ya jioni, iliyosomwa na Walter Cronkite, na ni hakimiliki hiyo iliyoitegemea mahakamani. Hoja zake hazikuwa dhaifu. Kukusanya habari kote duniani kuligharimu fedha nyingi. Pia, CBS ilihofia kwamba vipande vilivyokatwa na kuunganishwa upya na watu wengine vingeweza kupotosha maana, huku vikiwa na sura na sauti za waandishi wake.

Siasa nazo hazikuwa mbali. Mwezi Novemba mwaka 1969, Makamu wa Rais Spiro Agnew alikuwa ameyashambulia mashirika ya televisheni hadharani, akidai kwamba kikundi kidogo cha watu ndicho kinachoamua Wamarekani waone nini. Katika hali hiyo, hifadhi ya kanda iliyowawezesha wakosoaji kulipima kila neno la mtangazaji haikuweza kutazamwa kama maktaba ya kawaida.

Vanderbilt kwa upande wake ilisema haiuzi kanda bali inaziazimisha kwa ajili ya utafiti, na kwamba isingefanya hivyo taifa lingepoteza sehemu ya historia yake. Mwaka 1974 CBS ilifikia makubaliano na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani ili taarifa zake zitunzwe huko. Kwa hiyo umuhimu wa kuhifadhi haukubishaniwa tena. Kilichobaki ni nani ahifadhi, na kwa idhini ya nani.

Nairobi na satelaiti

Mwaka huohuo wa 1973, suala linalokaribiana na hilo lilijadiliwa Afrika Mashariki. Mwezi Julai wataalamu wa serikali mbalimbali walikutana Nairobi kuzungumzia wizi wa mawimbi ya matangazo yanayopitia satelaiti. Mazungumzo hayo yalisaidia kufungua njia ya mkataba uliotiwa saini mjini Brussels mwezi Mei mwaka 1974, ambao unayataka mataifa yazuie usambazaji wa mawimbi hayo bila ruhusa. Mkataba huo ulilinda safari ya matangazo angani. Haukusema lolote kuhusu kuyatunza baada ya kufika.

Bunge laamua

Ufumbuzi wa kesi ya Nashville ulitoka bungeni. Seneta Howard Baker wa Tennessee alisimama upande wa hifadhi hiyo, na sheria mpya ya hakimiliki, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 19 Oktoba mwaka 1976, ikaziruhusu maktaba kunakili taarifa za habari kwa idadi ndogo na kuziazimisha. Sheria hiyo pia iliagiza Maktaba ya Bunge ianzishe hifadhi ya redio na televisheni. CBS ikaiondoa kesi yake.

Watangazaji nao hawakutoka mikono mitupu. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 1978, ilitamka kwamba matangazo ya moja kwa moja yanalindwa iwapo yanarekodiwa wakati uleule yanaporushwa. Mwenye matangazo akaweza hata kutoa onyo mapema, mradi ayasajili ndani ya miezi mitatu baada ya kurushwa.

Marekani ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989, na chini ya mkataba huo hakimiliki haitegemei usajili. Lakini kwa kazi za Kimarekani, usajili ungali ufunguo wa mlango wa mahakama. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kupeleka maombi pekee hakutoshi, na kwamba sharti Ofisi ya Hakimiliki iwe imeyashughulikia kabla ya kesi kufunguliwa.

Katika Afrika Mashariki, Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inayalinda matangazo kwa miaka 50. Muda huo ni mrefu, lakini hauna faida kwa kanda iliyokwisha kufutwa. Hata BBC, yenye uwezo mkubwa, ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 ambavyo hakimiliki yake ilikuwa mikononi mwake.

Taarifa zilizorekodiwa Nashville tangu mwaka 1968 zimebaki. Mtafiti anayetaka kujua Wamarekani waliambiwa nini kuhusu Vietnam, Watergate au Afrika katika jioni fulani anaweza kuitazama taarifa yenyewe badala ya kutegemea kumbukumbu za wazee. Mwenye haki alitambuliwa na sheria na cheti cha usajili. Aliyeiokoa habari isipotee ni yule aliyebonyeza kitufe cha kurekodi, akashitakiwa kwa kufanya hivyo.