Daftari la Bahari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba methali hii inahusu fedha: mwenye duka asiyeandika mauzo yake hatajua siku alipoanza kufilisika. Maelezo hayo hayakuwa na kosa, ila yalikuwa mafupi. Uzeeni nimetambua kwamba ziko mali nyingine, kama vile kumbukumbu za mvua na za joto la bahari, ambazo nazo hupotea bila habari. Na kwamba daftari likifungiwa kabatini halitofautiani sana na daftari ambalo halikuandikwa kamwe. Nitalieleza jambo hili kwa njia ya historia, kisha nitaungama kosa langu mwenyewe.

Manahodha wa pwani yetu waliijua bahari kwa vizazi vingi. Walijua Kaskazi huanza lini na Kusi huingia lini, na ni miezi ipi ambayo mwenye akili hasafiri. Lakini elimu hiyo aghalabu ilikaa vichwani, na nahodha asiyepata wa kumrithisha alizikwa nayo. Meli za Ulaya na Marekani zilikuwa na batli, yaani daftari la safari, ambamo mabaharia waliandika habari za pepo, mikondo na hali ya hewa. Hata hivyo, batli nazo zilitupwa stoo mara safari ilipokwisha.

Aliyezitoa stoo alikuwa Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1839 aliumia vibaya mguu katika ajali ya gari la farasi, akawa hafai tena kwa kazi ya melini. Mwaka 1842 akapewa usimamizi wa bohari ya ramani na vyombo vya safari mjini Washington, na humo akakuta malundo ya batli za zamani. Alizichambua, akaweka pamoja yale ambayo manahodha mbalimbali waliyaona mahali pamoja katika mwezi ule ule, na mwaka 1847 akatoa ramani ya pepo na mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini. Kisha akaweka sharti la nipe nikupe: nahodha atakayemletea habari za safari yake atapewa ramani bure. Mwaka 1853 wajumbe wa mataifa 10 walikutana Brussels, wakakubaliana namna moja ya kuandika vipimo vya baharini. Maury hakuwa malaika. Mwaka 1861 alijiunga na majimbo ya kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee. Lakini sharti lake lilifundisha kwamba elimu ya bahari haiwezi kuwa ya mtu mmoja, kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuwa kila mahali baharini.

Desemba 1872 meli ya Uingereza iitwayo Challenger iling'oa nanga Portsmouth, ikatembea bahari kuu za dunia hadi Mei 1876. Kazi ya mabaharia wake ilikuwa ya kuchosha: kuteremsha kamba ndefu zenye vipimajoto, kungoja, kuvuta, kuandika, na kuanza tena. Baadhi yao walitoroka bandarini. Lakini vipimo viliandikwa, na matokeo ya safari hiyo yakachapishwa katika majalada 50 kati ya mwaka 1880 na 1895, yakawekwa maktabani kwa yeyote mwenye haja.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja wakati wa Vita Baridi. Kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958 wanasayansi wa nchi nyingi waliipima dunia kwa pamoja, katika kipindi kilichoitwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Hapo zilianzishwa Hifadhi za Takwimu za Dunia: moja Marekani, nyingine Umoja wa Kisovieti, na nyingine katika nchi za Ulaya na Japani. Fikiri, msomaji, mataifa yaliyokuwa yakielekezeana mabomu yalikubali kupeana vipimo vya bahari na anga. Nakala ziliwekwa mahali pengi ili maafa ya mahali pamoja yasiziangamize zote. Katika kipindi hicho hicho, Machi 1958, Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alipata sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Kipimo cha siku moja kisingetuambia neno. Ni daftari lililoendelea ndilo lililosema.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa nyeupe tangu hapo. Katika miaka ya 1980 na 1990 idara kadhaa za hali ya hewa zilitaka kuuza takwimu zao, zikisema kwamba kupima kuna gharama, nayo ni kweli. Mjadala ulikuwa mkali, hata mwaka 1995 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likapitisha Azimio la 40, kwamba takwimu za msingi zibadilishanwe bure na bila vizuizi, na nchi ziruhusiwe kuweka masharti kwa zile za ziada. Yalikuwa maafikiano ya nusu mkate, lakini nusu mkate si njaa.

Kisha ikaja intaneti, na pamoja nayo mpango wa Argo, ulioanza kutia maboya yake baharini karibu na mwaka 2000. Boya la Argo huelea chini ya maji katika kina cha mita 1,000 hivi, kisha huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hupanda juu likipima joto na chumvi njiani. Likifika juu huyatuma majibu kwa setilaiti. Kufikia mwaka 2007 maboya yalikuwa 3,000, na sasa ni kama 4,000. Vipimo hivyo huwekwa wazi katika mtandao, kwa kawaida ndani ya saa 24, kupitia vituo viwili, kimoja Ufaransa na kingine Marekani. Mwanafunzi wa Mtwara huvipata sawasawa na profesa wa Paris, alimradi awe na kompyuta na njia ya mtandao.

Mwaka 2012 Dean Roemmich na wenzake walilinganisha vipimo vya Challenger na vya Argo. Waligundua kwamba maji ya juu, pale Challenger ilipopima, yalikuwa yameongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 0.59 za Selsiasi. Mabaharia wale waliovuta kamba hawakuwa na habari ya swali hilo. Walijibu swali ambalo lingeulizwa baada ya miaka 140, kwa sababu tu waliandika na maandishi yao hayakufichwa.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1961 nilikuwa mtoto wa miaka 11, nami nazikumbuka mvua zile zilizoandamana na Uhuru wa Tanganyika. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Wazee walitoa sababu zao, kila mmoja ya kwake. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake waliokuwa Japani walieleza katika jarida la Nature jambo linalotokea katika Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa na joto zaidi. Miaka mingine pepo hubadilika, maji ya upande ule hupoa, ya upande wetu hupata joto kupita kiasi, na mvua huhamia Afrika Mashariki. Miongoni mwa miaka waliyoitaja ni 1961, 1994 na 1997. Hawakuweza kurudi kuipima bahari ya mwaka 1961. Walitumia kumbukumbu za miaka 40 hivi, nyingi zikitokana na meli za kawaida, ambazo mabaharia wake wasiojulikana walipima joto la maji, wakaliandika, wakaendelea na safari.

Hapa ndipo penye kosa langu. Chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake kilikuwa bara, mbali na bahari. Uani palikuwa na kipimamvua, na kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu alisoma kipimo na kukiandika katika daftari kubwa la jalada gumu. Madaftari hayo yalianza kabla ya Uhuru, na mvua za mwaka 1961 zilikuwamo. Mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, alikuja kijana mmoja mtafiti, mwenye adabu, akaniomba anakili kurasa kadhaa ili alinganishe mvua za miaka ile miwili. Nilimwambia kwamba hizo ni nyaraka za chuo, akalete barua kutoka ngazi za juu. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaondoka, wala hakurudi. Nilijiona mlinzi mwema. Miaka michache baadaye paa la stoo lilivuja, mchwa wakaingia, na tulipofungua kabati tulikuta majalada tu, ndani udongo. Kama ningemwacha kijana yule anakili, leo kungekuwa na nakala. Sikuwa mlinzi wa mali ile, nilikuwa mnyimaji.

Hata mali iliyo wazi yahitaji kulindwa. Mwishoni mwa 1996 sikuwa na wazo kwamba takwimu zilizo katika mtandao zaweza kufutwa. Miaka 20 baadaye, Desemba 2016 huko Toronto na Januari 2017 huko Philadelphia, wanasayansi na wakutubi walikaa wakinakili takwimu za mazingira za serikali ya Marekani, wakihofia kwamba utawala mpya ungeziondoa. Walikumbuka hekima ya 1957: nakala nyingi, mahali pengi.

Hivi karibuni mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake maboya ya Bahari ya Hindi, na joto la maji lililopimwa siku chache zilizopita. Hakuna aliyetuomba barua. Nilikaa kimya kwa muda, nikimkumbuka yule kijana. Nawaomba walimu wakuu, mapadri na mabwana shamba ambao bado wana madaftari ya mvua kabatini wayanakilishe na kuyatoa kwa wanaoyahitaji. Sisi tulioandika hatujui ni nani atakayeuliza, wala atauliza nini.