Motisha ya Kazi na Historia ya Bukoba: Kibanja, Ujira na Heshima

Nadharia za motisha kazini zinazotumiwa sana katika tafiti za Tanzania zilitokana kwa kiasi kikubwa na mazingira ya viwanda vya Marekani. Mwaka 1911 Frederick Taylor alidai kuwa mfanyakazi huongeza juhudi anapolipwa kulingana na kiasi anachozalisha. Abraham Maslow (1943) aliyapanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi, akianza na yale ya mwili. Naye Frederick Herzberg (1959) alitenganisha mambo yanayozuia manung'uniko, kama vile mshahara na usimamizi, na yale yanayoleta ari, kama vile mafanikio na kutambuliwa. Sehemu hii inapima nadharia hizo kwa historia ya Bukoba, mji ambao Nshambya ni mojawapo ya kata zake.

Katika Buhaya, kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage hukua pamoja. Ndizi hulisha kaya na kahawa huleta fedha. Hivyo basi, mwenye kibanja aliyeajiriwa mjini hakutegemea ujira pekee ili ale. Ngazi ya chini ya Maslow, ambayo kiwandani hutoshelezwa na mshahara, hapa ilitoshelezwa na ardhi. Hali ilikuwa tofauti kwa vibarua waliotoka Rwanda na Burundi kufanya kazi katika mashamba ya Wahaya, kwani wao walihitaji ujira kwanza. Kwa hiyo, katika shamba moja watu wawili waliweza kushika jembe kwa sababu zisizofanana.

Tukio la mwaka 1937 linaongeza jambo jingine. Wakulima wa Bukoba, ambao katika miaka ya 1920 walikuwa wamepanua kilimo cha kahawa kwa kufuata bei nzuri, walizipinga vikali kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa mibuni. Hamu ya fedha haikuwa imewatoka. Walichokataa ni kuamriwa ndani ya vibanja vyao wenyewe.

Hoja hiyo haikuwahusu wakulima peke yao. Baada ya uhuru, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikemea kiburi na dharau za viongozi. Shivji (1976) anaonesha kuwa migomo iliyofuata katika viwanda nchini ilihusu pia unyanyasaji wa mameneja, na baadhi yao walifungiwa nje. Kwa Herzberg, usimamizi mbaya huleta manung'uniko tu. Kwa wafanyakazi hao, heshima ilikuwa kiini cha madai.

Inabainika, basi, kuwa heshima haisubiri tumbo lishibe, kama ngazi za Maslow zinavyoweza kufasiriwa. Hata hivyo, historia hii haipunguzi uzito wa mshahara. Vibanja vinapogawanywa kwa urithi na mnyauko unaposhambulia migomba, mtumishi wa leo hukosa egemeo alilokuwa nalo babu yake. Utafiti wa motisha katika kata kama Nshambya unaouliza kuhusu mshahara bila kuuliza kuhusu shamba utapima nusu ya maisha ya mfanyakazi, na mapendekezo yake kwa mwajiri yatakuwa na upungufu uleule.