Celeron 300A: prosesa ya bei poa iliyowasumbua wakubwa

Juzi hosteli kulikuwa na ubishi. Jamaa kashikilia kwamba kompyuta yenye kasi ni ya wenye hela tu. Nikamwambia subiri, nikupe historia.

Turudi 1998. Aprili mwaka huo Intel walitoa Celeron ya kwanza, megahezi 266, ya watu wa mfuko mdogo. Ili ishuke bei waliinyima kashe ya L2, ile kumbukumbu ndogo inayoweka karibu vitu ambavyo prosesa inavihitaji kila mara. Ikawa goigoi, watu wakaicheka.

Agosti wakaja na Celeron 300A, bei ya jumla dola 149. Safari hii wakaweka kashe ya KB 128 ndani ya prosesa yenyewe, inakwenda kasi ileile ya prosesa. Wakati huohuo ikatoka Pentium II 450, dola 669! Hiyo kashe yake ilikuwa KB 512, lakini ilikwenda nusu ya kasi.

Sasa njoo kwenye hesabu. 300 ilitokana na 66 na ushei mara 4.5. Ile 4.5 ilifungwa kiwandani, huigusi. Ila 66 ilitoka kwenye ubao mama, na ubao wenye chipu za 440BX uliweza kutoa 100. Basi 100 mara 4.5 ni ngapi? 450! Kwenye ubao kama Abit BH6 ulibadili kwenye menyu tu, hata boksi hufungui. Kwenye magemu mengi ya wakati ule ikawa inakimbizana na Pentium II 450 bega kwa bega.

Lakini tusidanganyane. Si zote zilikubali. Nyingine ziligoma mpaka uongeze volti kidogo na feni nzuri, na ikiungua imekula kwako, dhamana hakuna. Kwa mtu aliyejichanga miezi kupata hizo dola 149, hapo kweli unabonyeza huku moyo unadunda.

Kinachonigusa mimi mwalimu mtarajiwa ni ile 300 iliyoandikwa juu yake. Ilikuwa namba ya kuuzia, wala haikuwa mwisho wa uwezo wake. Nikienda mazoezi ya kufundisha nitakabidhiwa majina yenye alama pembeni. Naomba nisisahau.

Jamaa bado anabisha, lakini kaniuliza ubao mama unauzwaje.