Mkuki wa Mangi, bastola ya kwapani

Johannes Rebmann alipopanda kutoka pwani kuelekea Kilimanjaro mwaka 1848, silaha yake ilikuwa mwavuli. Mei 11 akaiona theluji, akafika Kilema kwa mtawala wa huko, Mangi Masaki, akarudi Rabai, pwani, salama. Wageni waliomfuata hawakuthubutu kumuiga. Walikuja na bunduki, na waliowapokea mlimani nao walikuwa wanazitafuta hizo hizo.

Kabla ya hapo silaha ya mlima ilikuwa mkuki. Chuma kilitoka Ugweno, huko Upareni, na wahunzi wa Mamba walisifika kwa kukifua. Mkuki haufichiki. Unashikwa mkononi ubavuni mwa mwenyewe, ukimzidi kimo, na anayekutana naye njiani anajua mapema anashughulika na mtu wa namna gani. Bunduki ilipofika ilirithi tabia hiyo. Gobore lilibebwa begani peupe, na Mangi mwenye watu wengi wa magobore hakuhitaji kujitangaza kwa jirani zake.

Aliyeielewa biashara hiyo kuliko wote ni Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Misafara iliyopita chini ya mlima ilimhitaji kwa chakula, ulinzi na pembe za ndovu. Yeye aliihitaji kwa nguo, baruti na bunduki. Watumwa nao walikuwa sehemu ya malipo, jambo ambalo simulizi nyingi za sifa za Wamangi huliruka. Mwaka 1885 aliwapokea wajumbe wa Sultani Barghash walioongozwa na Jenerali Lloyd Mathews, na wiki chache baadaye akapatana na Mjerumani Karl Jühlke. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin. Mpinzani wake mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho, alijenga boma la kuta za mawe ambalo Hermann von Wissmann alilivunja Februari 1891 kwa mizinga, huku watu wa Moshi wakiwa upande wa Wajerumani.

Wakati huo mlango wa silaha ulikuwa umeshaanza kufungwa. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890, uliotiwa saini kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za zamani za jiwe la kuwashia, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba Mwafrika abaki na gobore huku askari wao wakibeba Mauser.

Hata hivyo Moshi iliwaonyesha kwamba hesabu ya silaha si yote. Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli. Juni 1892 kikosi cha Albrecht von Bülow kilipanda kumwadhibu kijana huyo. Kilikuta migomba iliyosongamana, mifereji na makorongo, ambamo mtu anayeijua njia hupiga na kupotea. Von Bülow alijeruhiwa akafa, na Wajerumani wakaiacha ngome yao ya mlimani kwa muda. Iliwachukua zaidi ya mwaka kurudi na nguvu ya kutosha, chini ya Kanali von Schele, Agosti 1893. Machi 2, 1900, Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho.

Baada ya mti ule wa kunyongea, bunduki ilibaki kuwa alama ya cheo, lakini cheo chenyewe kilihamia kwa mwingine. Aliyeonekana na silaha sasa alikuwa ofisa wa serikali, bastola kiunoni ndani ya mkoba wa ngozi wenye kifuniko. Mkanda uliobeba mkoba ule una kisa chake. Sam Browne, ofisa wa jeshi la Kiingereza nchini India, alipoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858, na upanga ukamsumbua kuuchomoa. Akabuni mkanda mpana wenye ugwe unaopita begani kuupunguzia kiuno mzigo. Maofisa wa polisi wetu bado wanauvaa kwenye gwaride, na Moshi, mji wenye chuo kikongwe cha polisi, imeuona mara nyingi.

Mkoba wa kwapani ulizaliwa upande mwingine kabisa, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ambako kuonekana na bastola kiunoni kulianza kukatazwa au kuonekana ushamba. Wapelelezi na wahalifu waliupenda kwa sababu moja: koti linaufunika. Sinema ikamaliza kazi. Steve McQueen aliuvaa katika Bullitt mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1984 Don Johnson akaupeleka sebuleni kwa watu katika Miami Vice. Wengi wanaoutaka leo wanataka ile picha, na ndipo usumbufu unapoanza.

Hapa kwetu bastola ya raia inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Ombi huanzia kwa viongozi wa mtaa, hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama, na polisi ndio wenye daftari. Aliyefika mwisho wa safari hiyo huwa ni mfanyabiashara wa fedha taslimu au madini, na anajua kwamba bastola inayoonekana inamwita mwizi badala ya kumfukuza. Mlima umegeuza desturi ya mkuki: silaha ya leo ni ya kutoonekana.

Basi tuuangalie mkoba wenyewe. Bastola ya chuma ikiwa na risasi zake hukaribia kilo moja. Kamba nyembamba itakata bega kabla ya saa sita mchana. Zinafaa zile pana, za ngozi laini, zinazokutana mgongoni kwa kiungo kinachojipinda. Upande wa pili uwe na mfuko wa magazini, la sivyo shingo inabeba upande mmoja siku nzima. Kamba za chini zifungwe kwenye mkanda wa suruali ili bastola isining'inie ukiinama. Kifyatulio kifunikwe chote na ngozi ngumu. Halafu kuna hili ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ndogo: mkoba unaoilaza bastola huuelekeza mtutu kwa aliyesimama nyuma yako, iwe benki au stendi. Wenye mtutu unaotazama chini una adabu zaidi, ingawa humwonea mtu mfupi.

Lakini mwamuzi wa mwisho ni koti. Marangu, Kibosho juu au Machame, mtu akivaa koti Julai kutwa nzima hakuna anayemgeukia. Shuka sasa Moshi mjini, mwinuko usiofika mita 1,000, Februari, jua la saa nane Double Road. Koti linakuwa tangazo, jasho linaloanisha ngozi, na mwenyewe atalivua tu, akibaki na kamba begani mbele ya wateja wake.

Kwa mtu wa mjini, kwa hiyo, mkoba wa ndani ya kiuno chini ya shati lililochomolewa unamfaa kuliko wa kwapani. Wa kwapani unamfaa anayeshinda juu kwenye baridi, au anayeendesha gari safari ndefu akiwa amekaa. Na siku ambayo hakuna fedha ya kubeba, bastola ibaki kwenye kasha la chuma, imefungwa kwa ufunguo.