Mitambo Iliyojifunza Kusema: Kutoka Kipimo cha Jinja hadi Mito ya Mbale



Mnamo Oktoba 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa Mwingereza waliasi, wakaitwaa ngome ya Luba katika Busoga, kando ya Ziwa Victoria, upande wa mashariki wa mahali ambapo leo pana mji wa Jinja. Meja Thruston, aliyewaendea akiamini kwamba watamsikiliza, alikamatwa na kisha kuuawa. Sababu za uasi huo ni mada ya siku nyingine. Leo tunauliza jambo moja tu: habari zake zilisafiri vipi? Zilisafiri kwa miguu ya mjumbe. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa umeanza mwaka 1896 tu, na waya wa simu ulikuwa ukifuatana na reli. Kwa hiyo amri iliyotoka pwani iliikuta hali ya Busoga imekwisha kubadilika.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na mwaka 1912 njia ya Busoga ikaunganisha Jinja na Namasagali. Baadaye ikaja simu ya upepo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mafundi wa mawasiliano walikuwa miongoni mwa wale askari. Hata hivyo, tuzingatie neno hili: katika simu ya waya na katika simu ya upepo, kila upande alikaa mtu. Mmoja alisema, mwingine akasikia. Mabadiliko tunayoyazungumzia leo ni kwamba upande mmoja yule mtu ameondoka, na mahali pake pamewekwa kifaa.

Jinja inatupa mfano mzuri wa kazi iliyofanywa na jicho la mtu. Pale Mto Nile unapoliacha Ziwa kuna kipimo mashuhuri cha kina cha maji, kinachotajwa katika hesabu zote za Ziwa Victoria. Kwa desturi ya kipimo cha namna hiyo, mtu hushuka ukingoni, hutazama alama, huandika daftarini, kisha hupeleka taarifa. Mwaka 1964 maji yalifika mita 13.41 kwa kipimo hicho cha Jinja. Mei 2020 yakafika mita 13.42, yakaingia katika nyumba na bandari za kandokando. Katika vipindi vyote viwili Ziwa lilipanda kwa miezi mingi. Adui wa namna hiyo huonekana akija kwa mbali, na daftari na kalamu vinatosha kutoa taarifa zake.

Mito ya Mbale haina adabu hiyo. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha katika miinuko iliyo juu ya mji. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, ikaingia majumbani, ikasomba magari, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kutoka mlimani hadi mjini maji hayakuhitaji miezi. Saa chache zilitosha. Na ambao hawakufa kwa maji ya mto wamekufa kwa udongo. Machi 1, 2010, mlima ulimeguka na kukifunika kijiji cha Nametsi katika Bududa. Oktoba 2018 maafa yakarudi Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, na Novemba 2024 yakaifikia Bulambuli. Askari waliopelekwa Nametsi wanakumbuka walivyochimba kwa majembe na sepeto, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kupita kwenye njia zile. Walifanya kazi ya heshima kubwa, lakini ilikuwa kazi ya kutafuta maiti.

Je, inawezekana mto wenyewe utoe taarifa? Inawezekana, na chombo chenyewe si cha ajabu. Wazo la simu ya seli lilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1947: badala ya mlingoti mmoja mrefu kutangazia nchi nzima, eneo ligawanywe vipande kama vyumba vya sega la nyuki, kila kipande na mnara wake, ili masafa yale yale yatumike tena na tena bila kugongana. Mafundi walihitaji miaka 30 na zaidi kulitimiza wazo hilo. Mtandao wa kwanza wa biashara ulifunguliwa Tokyo mwaka 1979. Kizazi cha pili, kile kinachopeleka sauti kwa tarakimu, kilianza Finland mwaka 1991. Uganda ilikipata kwa kampuni ya Celtel mwaka 1995, kisha MTN mwaka 1998. Kizazi hicho kilikuja na kitu kidogo ambacho mwanzoni kilionekana kama mchezo: ujumbe mfupi wa herufi 160. Mtu huona herufi 160 ni chache. Kwa kifaa ni utajiri. Kipimo cha maji kina maneno matatu tu ya kusema: mimi ni nani, sasa ni saa ngapi, maji yamefika wapi.

Polisi na maofisa wa forodha walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kuona nguvu ya maneno hayo machache. Mizigo inayoingia Malaba na Busia ikielekea nchi za mbele hufuata njia kuu mbili: ama kupitia Iganga na Jinja kwenda Kampala na mipaka ya magharibi, ama kugeuka Tororo na kupanda kupitia Mbale, Soroti na Lira hadi Elegu, mpakani mwa Sudan Kusini. Zamani mizigo yenye ushuru mkubwa, kama mafuta na sigara, ilisindikizwa barabarani na maofisa, lori baada ya lori. Tangu mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kuifunga kwa lakiri za kielektroniki, na mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zikazindua mfumo wa pamoja.

Lakiri hiyo hupokea ishara za setilaiti, hujua mahali ilipo, na kwa laini ya simu iliyo ndani yake hupeleka habari kwenye chumba cha uangalizi kupitia mnara ulio karibu. Lori likiacha njia au kufuli likikatwa, hupiga kelele, na kikosi cha dharura huondoka. Lakini isidhaniwe kuwa lakiri ni mchawi. Mahali pasipo na mnara haina kinywa: huhifadhi habari na kuzitoa ifikapo penye mtandao. Mwizi mwenye akili hujifunza upesi mahali palipo kimya. Kwa hiyo ramani ya minara ni ramani ya ulinzi, na askari wa doria angefaa kuijua kama anavyovijua vivuko vya mito.

Chombo cha namna hii sasa kinamkaribia raia wa kawaida. Chini ya mkataba wa mwaka 2021 na kampuni ya Urusi, vibao vya namba vyenye uwezo wa kutoa mahali gari lilipo vilianza kufungwa Novemba 2023, kwanza katika magari ya Serikali. Juni 2025 ukaanza utaratibu wa faini zinazotolewa na mitambo barabarani. Wananchi walilalamika, na mwezi huo huo Serikali ikausimamisha ili uangaliwe upya. Tusiyapuuze malalamiko hayo. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu ipo, na askari anayeketi mbele ya kioo cha mfumo kama huo anashika siri za safari za watu wengi kuliko afande yeyote aliyemtangulia.

Na sasa tuutazame wakati ujao. Kizazi cha nne kilifika Uganda mwaka 2013 na cha tano mwaka 2023, kwa matangazo mengi. Kizazi cha tano kina sifa zake, lakini kipimo cha Mto Manafwa hakina haja ya kutazama sinema. Kinachokifaa ni mtandao wa ukanda mwembamba, ambao kanuni zake zilikamilishwa mwaka 2016: hutumia upana wa kilohezi 200 tu, mara nyingi huongezwa katika minara ya kizazi cha nne kwa kubadili programu, na kifaa chake hulala muda mwingi hata betri ikakusudiwa kudumu miaka 10.

Hatari iko katikati, baina ya mtandao wa zamani na mpya. Simu ya mtu hubadilishwa baada ya miaka michache. Kifaa kilichofungwa mtoni au nguzoni hukaa miaka 10 au 15, kikijua lugha ya mtandao wa siku kilipotengenezwa. Makampuni nayo huyataka masafa ya kizazi cha pili kwa kazi nyingine. Singapore ilikizima Aprili 2017. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilipozima chake mwanzoni mwa mwaka huo huo, mabasi mengi ya San Francisco yalipotea katika mfumo wa kutangaza saa za kufika, kwa maana vifaa vyake vilikuwa bado vinasema lugha iliyozimwa. Huko abiria walikasirika tu. Kipimo kikinyamaza namna hiyo juu ya Bududa, anayenyimwa taarifa ni mtu aliyelala chini ya mlima. Kwetu kizazi cha pili bado kinahudumia wenye simu za kitochi na fedha zao za mkononi, wala si busara kukizima kwa pupa. Na kila ofisi inayonunua vifaa leo, ya kiraia au ya kijeshi, yapasa imwulize muuzaji swali la kwanza: siku mtandao huu utakapozimwa, kifaa hiki kitasema kwa njia gani?

Liko na jambo la umeme. Dhoruba ile ile inayojaza mto ndiyo inayoangusha nyaya, na mnara usio na umeme huishi kwa betri zake, kisha kwa jenereta, kisha hunyamaza. Ndiyo maana simu ya upepo isitupwe. Na tuseme ujumbe umepita salama, herufi chache kutoka mlimani saa nane za usiku. Unatua wapi? Katika kambi ya Bugema, katika kituo cha polisi cha Mbale, na katika ofisi ya wilaya, lazima awepo mtu mwenye zamu aliyeandikwa jina lake ubaoni, mwenye simu iliyo na chaji, na mwenye mamlaka ya kuamuru king'ora kipigwe Namatala bila kungoja mkubwa wake aamke.